Mchango wa Ulinzi wa Mtaa: Namna ya Kuuanzisha, Kuutunza na Kuuwekea Mipaka

Mchango wa ulinzi ni fedha ambazo wakazi wa eneo moja hukubaliana kuzitoa, kwa kawaida kila mwezi na kwa kila kaya, ili kugharimia walinzi na doria za ziada juu ya ulinzi ambao Jeshi la Polisi linapaswa kuutoa kwa fedha za kodi. Nchini Tanzania utaratibu huu hujulikana kwa jina la ulinzi shirikishi, yaani ulinzi ambao raia na polisi huufanya kwa pamoja, nao ni tawi la mpango mpana wa polisi jamii uliopata msukumo mkubwa kuanzia mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi. Nchini Kenya serikali ilihimiza mpango unaofanana nao, uitwao Nyumba Kumi, baada ya shambulio la Westgate jijini Nairobi la Septemba 2013, na jina hilo lenyewe lina asili yake katika mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania.

Wakazi wengi hudhani kwamba swali gumu katika jambo hili ni kiasi cha fedha kitakachopatikana, ilhali fedha za kuanzia hupatikana kwa urahisi. Katika wiki za hofu, nyumba kadhaa zinapokuwa zimevunjwa au kundi la vijana wenye mapanga linapokuwa limepita, kama ilivyokuwa katika baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam mwaka 2022 makundi yaliyoitwa Panya Road yalipozua taharuki, kila kaya huwa tayari kuchanga. Ugumu huja baadaye, hofu inapopungua, mchango unapoanza kuruka mwezi mmoja kisha miwili, walinzi wanapodai malimbikizo, na hakuna anayejua daftari liko kwa nani. Kinachouua mfuko wa ulinzi mara nyingi si umaskini wa wakazi, bali ni mambo mawili ambayo hupuuzwa mwanzoni: hesabu isiyoonekana, na mkono wa mlinzi usiowekewa mpaka juu ya mtu anayeshukiwa. Kikundi kinachotaka ulinzi wake udumu hakina budi kuyamaliza mambo hayo mawili kabla ya kununua tochi ya kwanza.

Hilo la pili lina historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, wafugaji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe uliofanywa na watu wenye silaha walijikusanya katika vikundi vya sungusungu, wakawa wanafuata nyayo za wezi, wanapiga yowe kijiji kwa kijiji na kutoa hukumu wao wenyewe. Wizi ulipungua katika maeneo mengi na vikundi vikaheshimiwa, hata mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili vitambuliwe na kupewa uwezo wa kukamata unaokaribiana na ule wa polisi. Lakini historia hiyo hiyo imeacha kumbukumbu za watu waliopigwa, waliotozwa faini zisizo na msingi na waliofukuzwa vijijini mwao kwa tuhuma ambazo hazikupelekwa mbele ya hakimu yeyote. Urithi huo wenye pande mbili umo ndani ya kila doria ya mtaa wa leo, na ni kosa kuutaja upande mmoja tu.

Jambo jingine la kihistoria linalohitaji uangalifu ni nafasi ya balozi wa nyumba kumi. Mfumo wa mashina ya nyumba kumi ulijengwa na chama tawala cha TANU katikati ya miaka ya 1960, wakati chama na serikali vilikuwa karibu kitu kimoja. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama, si wa serikali, ingawa wakazi wengi bado humwendea kwa barua za utambulisho na usuluhishi wa ugomvi. Busara yake na ujuzi wake wa watu vinafaa sana, lakini mfuko wa ulinzi haupaswi kukaa mikononi mwake, kwa sababu kaya yenye itikadi nyingine itakuwa na sababu ya kutokulipa, na mlinzi anayelipwa na chama, hata kwa fikra za watu tu, hawezi kuaminiwa na wote. Mahali sahihi pa mfuko huo ni serikali ya mtaa au ya kijiji au, kwa Zanzibar, chini ya sheha.

Kabla ya kukusanya chochote, kikundi kinapaswa kujua kinakabiliana na nini. Kazi hii inahitaji daftari moja, kalamu, na watu wawili au watatu wenye subira ya kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni matukio gani yametokea katika miezi sita iliyopita, mahali gani hasa, siku gani, saa ngapi, na mhalifu aliingilia wapi. Wakazi wengi hawaripoti wizi mdogo polisi, hivyo takwimu za kituo pekee hazitoshi. Simu iliyoporwa kituo cha daladala na nguo zilizoanuliwa kambani usiku havionekani katika kitabu cha kituo. Yakishaandikwa, matukio hayo huwekwa kwenye ramani ya kuchora kwa mkono, na karibu kila mara hujitokeza kwamba hayakutawanyika sawasawa. Utafiti wa Lawrence Sherman na wenzake uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu mji wa Minneapolis nchini Marekani ulionyesha kwamba nusu ya simu zote za kuomba polisi zilitoka katika takriban asilimia 3 tu ya anwani za mji huo. Mtaa wa Tandale jijini Dar es Salaam au wa Mwanjelwa jijini Mbeya si Minneapolis, lakini wenyeji wa mitaa hiyo hawangeshangazwa na matokeo hayo, kwa kuwa kila mtaa una uchochoro ambao akina mama hukatazana kupita.

Ujuzi huo hubadilisha matumizi ya fedha. Doria ya kuzungukazunguka bila mpango, ambayo ndiyo hununuliwa na mifuko mingi, ilijaribiwa huko Kansas City, pia Marekani, mwaka 1972 na 1973, ambako magari ya polisi yaliongezwa katika maeneo fulani, yakaondolewa katika mengine na yakaachwa kama yalivyo katika mengine tena, na mwishoni haikuonekana tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wakazi. Kinyume chake, jaribio la Philadelphia la mwaka 2009, ambako askari wa miguu walipelekwa katika maeneo madogo yaliyojulikana kwa ukatili, lilipunguza makosa ya kutumia nguvu kwa takriban asilimia 23 katika muda wa jaribio. Askari wa majaribio hayo walikuwa polisi kamili wenye mamlaka yao, na mlinzi wa mtaa hawezi kulinganishwa nao kwa kila kitu, lakini funzo la mahali linabaki: walinzi wawili wanaosimama kwa zamu katika sehemu tatu mbaya, katika saa mbaya, wana faida kuliko walinzi sita wanaopuliza filimbi huku wakipita mbele ya nyumba zenye kuta ndefu.

Wakati mwingine daftari la matukio huonyesha kwamba mlinzi si dawa ya kwanza. Uchochoro unaounganisha kituo cha bodaboda na nyumba za kupanga, wenye ukuta wa kiwanja kisichoendelezwa upande mmoja, majani yaliyofika kiunoni upande wa pili na nguzo yenye taa iliyoungua tangu mwaka juzi, hutoa wizi wake kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, wanawake wanaokwenda kununua samaki au mboga za jumla wanapopita na mtaji wao umefungwa kwenye pindo la kanga. Kufyeka majani hayo, kumwandikia barua mwenye kiwanja na kununua taa mbili za mwanga wa jua hugharimu fedha za mara moja, ilhali mlinzi hugharimu fedha za kila mwezi. Katika jaribio lililofanywa mwaka 2016 kwenye nyumba za umma za jiji la New York, kuongeza taa zenye mwanga mkali kulipunguza makosa makubwa ya nje nyakati za usiku kwa takriban asilimia 36. Kikundi chenye fedha kidogo kingefanya vyema kuanza na taa.

Matarajio nayo yanahitaji kupimwa. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi sita, Uganda ikiwa mojawapo, kuchunguza iwapo mikutano ya polisi na wananchi, doria za karibu na njia mpya za kutoa taarifa hupunguza uhalifu na kuongeza imani kwa polisi. Kwa jumla, hayo mawili hayakuonekana. Watafiti walieleza kwamba maafisa walihamishwa mara kwa mara, kwamba mpango haukupewa kipaumbele na viongozi wa polisi, na kwamba vituo havikuwa na nyenzo za kufuatilia yale wananchi waliyoyasema. Msomaji asichukue matokeo hayo kama sababu ya kukata tamaa, bali kama onyo kwamba mkutano mzuri na fulana mpya havizuii mwizi, na kwamba thamani ya mpango mzima iko katika ufuatiliaji wa kila wiki wa mambo madogo yaliyosemwa.

Uamuzi wa kuanzisha mchango ufanyike katika mkutano wa wakazi ulioitishwa rasmi, na muhtasari wake uandikwe, usainiwe na kuhifadhiwa na afisa mtendaji wa mtaa au wa kijiji. Msingi wa kikatiba upo, kwa kuwa Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaitaja kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi miongoni mwa kazi za serikali za mitaa. Hata hivyo, kukubaliana mkutanoni hakufanyi mchango kuwa kodi. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ambayo huhitaji kupita katika mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, lakini mtaa wa mjini hutegemea sheria ndogo za halmashauri yake, na pasipo sheria ndogo mchango hubaki kuwa wa hiari. Kwa hiyo walinzi wanaoingia kwenye nyumba ya mtu asiyelipa wakatoka na jiko la gesi au redio kama dhamana wanatenda kosa lile lile waliloajiriwa kulizuia, na mwenyekiti aliyewatuma anaweza kusimama nao kizimbani. Baada ya mkutano, polisi kata, yaani afisa aliyepangwa kuwajibika kwa kata husika, ajulishwe kwa maandishi pamoja na majina ya walinzi, saa za doria na namba za simu, na nakala ipelekwe kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Barua hiyo ndiyo itakayowatofautisha walinzi na genge pale gari la polisi litakapowakuta na marungu saa nane usiku.

Hesabu yenyewe ifanywe hadharani, kwa namba ambazo mkazi yeyote anaweza kuzifuata. Kwa mfano wa kufikirika, mtaa wenye kaya 400 unaokubaliana Sh 5,000 kwa mwezi unaonekana kwenye karatasi kuwa na Sh 2,000,000, na kamati nyingi zinazosimamia mifuko hii huajiri kwa kutazama namba hiyo. Kamati yenye tahadhari huchukulia kwamba kaya sita katika kila kumi ndizo zitakazolipa bila kufuatwafuatwa, hivyo hupanga kwa kaya 240, yaani Sh 1,200,000. Ikiwa gharama yote ya mlinzi mmoja, pamoja na nyongeza zinazotakiwa na sheria, itawekwa kuwa Sh 300,000 kwa ajili ya hesabu hii tu, walinzi wanne watakula mfuko mzima, na haitabaki hata shilingi ya betri. Walinzi watatu wataacha Sh 300,000 kila mwezi kwa ajili ya vifaa, taa, matibabu na akiba. Swali linalofuata ni iwapo watatu wanatosha, na jibu lake hutegemea saa. Doria ya watu wawili kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa siku saba, inahitaji saa 168 za kazi kwa wiki, ambazo ni nyingi mno kwa watu watatu. Lakini daftari la matukio likionyesha kwamba hatari iko kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, saa hizo hushuka hadi 112, na kila mlinzi hufanya kazi chini ya saa 38 kwa wiki. Hapo ndipo kazi ya kupita nyumba kwa nyumba inaporudisha gharama yake.

Saa hizo zina uzito wa kisheria pia. Mlinzi anayepangiwa zamu, anayeamriwa na kamati na kulipwa kila mwezi anaweza kuhesabiwa kuwa mwajiriwa hata kama kamati inamwita mtu wa kujitolea, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ukomo wa saa 50 za ziada katika kipindi cha wiki nne, mapumziko ya kila wiki, na nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kiwango cha chini cha mshahara huwekwa na amri ya mshahara, ambayo hubadilika, hivyo kamati iitafute amri inayotumika wakati huo na iulize ofisi ya kazi ya mkoa. Pia iulize kuhusu fidia ya mfanyakazi anayeumia kazini, kwa kuwa kijana anayepokea pigo la panga kwa niaba ya kaya 400 hastahili kuchangiwa nauli ya hospitali kwa kupitisha kofia.

Kuhusu utunzaji wa fedha, wakazi hawana haja ya kubuni kitu kigeni, kwa sababu vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vimekwisha kuwafundisha. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo zake hukaa kwa watu watatu, na halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Kanuni hiyo hiyo ihamishiwe katika mfuko wa ulinzi, iwe kwa sanduku lenyewe au kwa akaunti ya benki inayohitaji saini za watu watatu wasio wa ukoo mmoja. Anayekusanya asiwe anayetunza, na anayetunza asiwe anayeidhinisha matumizi. Kila malipo yapewe stakabadhi yenye namba, hata yakiwa Sh 1,000, na malipo ya simu yaende kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, si kwa simu ya mweka hazina. Kisha, kila tarehe tano ya mwezi, karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na dukani panapopitiwa na wengi: kilichokusanywa, kilichotumika kwa jambo gani, na kilichobaki. Majina ya wasiolipa yasibandikwe. Aibu hukusanya fedha mwezi wa kwanza na uadui mwezi wa pili, na kati ya majina hayo hakosekani mjane ambaye amefiwa juzi.

Mjane huyo, mzee anayeishi peke yake, mgonjwa na kaya iliyopoteza kipato wapewe msamaha ulioandikwa katika kanuni za mfuko tangu mwanzo, ili wasihitaji kuombaomba. Wenye maduka, baa, gereji na nyumba za wageni, ambao biashara zao huvuta watu usiku na kufaidika zaidi na doria, wanaweza kuchangia kiwango cha juu, mradi wasinunue kwa kiwango hicho haki ya kuwaamuru walinzi. Kanuni moja isiachwe hata kidogo: filimbi ya asiyelipa huitikiwa kama ya anayelipa. Mwizi anayeachwa katika nyumba ya asiyelipa hujifunza njia za mtaa mzima, na mtoto anayelia ndani ya nyumba hiyo hana deni lolote. Kanuni hiyo iandikwe katika mkataba wa kila mlinzi.

Walinzi wenyewe wateuliwe miongoni mwa watu wanaojulikana, wenye wadhamini wawili, wasio na kesi ya ukatili, na ambao wakazi wamepewa wiki mbili za kuwapinga kwa siri mbele ya mtendaji. Mitaa mingi huwachukua vijana waliopitia mafunzo ya mgambo, jambo linalofaa, lakini mafunzo ya mgambo hayafundishi yote. Polisi kata aombwe kuwaeleza kwa jioni mbili au tatu mipaka ya kukamata, namna ya kulinda eneo la tukio lisikanyagwe, na namna ya kumhudumia mwanamke aliyeshambuliwa bila kumhoji mbele ya umati. Kuwamo kwa wanawake katika kikundi, kama walinzi au angalau kama wapokea taarifa, kuna faida ya wazi, kwa kuwa mengi yanayotokea ndani ya nyumba hayatasemwa kwa vijana wa kiume wenye marungu. Vifaa vinavyotosha ni tochi imara, filimbi, kizibao kinachong'aa, buti, koti la mvua, kitambulisho chenye picha na simu yenye salio. Rungu libaki la kujihami. Bunduki isiwepo kabisa.

Sehemu inayopima utu wa mpango mzima ni dakika za kwanza baada ya mtu kukamatwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa fulani mbele yake, lakini inamtaka amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa isivyo lazima. Ofisi ya mtaa si mahabusu, na mti wa uani si nguzo ya kumfungia mtu hadi asubuhi. Kila mji una habari za mtu aliyeuawa na wananchi wenye hasira kali, na katika habari hizo wamo waliokuwa wakipita njia tu, au wagonjwa wa akili walioingia uani kutafuta maji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlinzi, kabla ya kumwuliza mshukiwa lolote, ni kuwa ukuta kati yake na umati: mlinzi mmoja amkalishe chini mshukiwa na kusimama mbele yake, mwingine apige simu namba 112 na kwa polisi kata, na mjumbe wa kamati anayekaa karibu aitwe aje kushuhudia. Kisha daftari la doria liandikwe papo hapo kwa mwanga wa tochi: saa, mahali, aliyekamatwa amevaa nini, alikuwa na nini mkononi, ana jeraha gani na tangu lini, nani alimwona akitenda. Kituoni mlinzi asiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa katika kitabu cha kituo, naye aiandike pembeni mwa mstari ule ule wa daftari. Mstari huo humlinda mshukiwa asipigwe, humlinda mlinzi asisingiziwe, na huisaidia kesi isipotee.

Wakazi hukasirishwa sana wanapomwona aliyekamatwa juzi akinunua vocha dukani leo, na ni hasira hiyo inayozaa kujichukulia sheria mkononi. Wanapaswa kuelezwa kwamba dhamana si kufutiwa kosa. Ni haki ya mtu ambaye hajatiwa hatiani kuisubiri kesi akiwa nje, kwa kuwa Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Kesi nyingi za wizi mdogo hazifii mikononi mwa hakimu bali katika benchi tupu la mashahidi: aliyeibiwa alikwenda mahakamani mara ya kwanza, kesi ikaahirishwa, akaenda mara ya pili, mara ya tatu akashindwa kufunga genge lake la mboga na kulipa nauli. Mfuko unaotenga fedha kidogo za nauli na chakula cha mashahidi, na kumteua mtu mmoja wa kufuatilia tarehe za kesi, unaweza kufanya mengi ambayo marungu kumi hayawezi, na ni ajabu kwamba kifungu hicho hukosekana katika bajeti za vikundi vingi.

Uhusiano wa kifedha na polisi uwe mfupi na wa maandishi. Ombi la mafuta ya gari la doria au la vocha ya afisa huja kwa nia njema mara nyingi, lakini fedha zinazopita mkono kwa mkono humgeuza mtumishi wa umma kuwa mtumishi wa wanaolipa, na mtaa wa jirani usio na uwezo hupata gari moja pungufu. Kikundi kikitaka kusaidia kituo, kifanye hivyo kwa kitu, si kwa fedha taslimu, kupitia halmashauri au ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya, na kwa barua ya makabidhiano inayosomeka. Anayedai malipo ili apokee taarifa au atoe dhamana anaomba rushwa, na namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113.

Kuhusu picha, makundi ya WhatsApp ya mitaa yamekuwa mepesi mno kusambaza sura za watu kwa maneno "mwizi huyu", na mara nyingine aliyesambazwa ni fundi aliyekuwa akitafuta nyumba ya mteja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kikundi kinachofunga kamera au kutunza orodha za wapangaji kinapaswa kuuliza wajibu wake chini ya sheria hiyo. Kundi la simu nalo litumike kutoa tahadhari ya mahali na saa, na sura zipelekwe polisi peke yake. Mageti yanayofunga barabara ya umma usiku yajadiliwe na halmashauri kabla ya kuchomelewa, na funguo zake zikae kwa mtu asiyelala, kwa kuwa gari la zimamoto na mama aliyeshikwa na uchungu hawawezi kusubiri kufuli.

Kuhusu usawa, Cape Town ina mfano wa kutazamwa. Tangu mwaka 2000 wamiliki wa majengo katikati ya jiji hilo hulipa nyongeza juu ya kodi yao ya majengo, ikakusanywa na jiji lenyewe na kurudishwa kwa chombo kinachosimamia ulinzi na usafi wa eneo. Utaratibu huo huondoa tatizo la wasiolipa na huweka hesabu wazi, lakini umelaumiwa kwa kuwasukuma wasio na makazi na wachuuzi kutoka barabara zinazolindwa. Vikundi vya Afrika Mashariki vinapaswa kujiuliza swali hilo mapema: mama lishe, muuza kahawa na mpiga debe wanaokaa nje hadi usiku ni macho ya mtaa, na mlinzi anayewafukuza ili barabara ionekane safi amewaondoa mashahidi wake bora.

Baada ya miezi sita daftari la matukio lifunguliwe tena, watu wale wale wapite nyumba zile zile na maswali yale yale, na matokeo yasomwe mkutanoni pamoja na ya mtaa wa jirani, kwa kuwa wizi uliohama hatua mia mbili haukupungua. Idadi ya waliokamatwa isitumike kama kipimo, kwa sababu mlinzi anayelipwa sifa kwa kukamata atakamata. Kipimo kinachofaa zaidi ni kama akina mama wa alfajiri wameanza kupita tena uchochoro ule wakiwa wawili wawili au hata mmoja mmoja. Mkutano huo upige kura iwapo mchango uendelee, upunguzwe au usimame, na kanuni ziwe zimekwisha kueleza fedha zinazobaki zitakwenda wapi mchango ukisimama: walinzi walipwe kwanza stahili zao zote pamoja na notisi, deni la betri dukani lilipwe, salio linunue taa, na daftari la doria likabidhiwe kwa afisa mtendaji kwa saini, kurasa zake zikiwa zimehesabiwa.